Kutoa na Kujumlisha: Uhakiki wa Mstari Mmoja katika Kufungasha Ufunguo

Utangulizi

Tarehe 30 Septemba 2025 wasimamizi wa maktaba ya programu iitwayo OpenSSL walitoa taarifa ya udhaifu uliopewa nambari CVE-2025-9230. Siku hiyo hiyo walitoa na masahihisho yake, likiwamo toleo la 3.5.4. Badiliko lenyewe ni la mstari mmoja. Palipokuwa na alama ya kutoa pamewekwa alama ya kujumlisha. Tarakimu 4 iliyoambatana nayo imebaki vile vile. Mstari uliosahihishwa ulikuwamo katika toleo la 1.0.2, lililotoka Januari 2015, nao ukaendelea kunakiliwa toleo baada ya toleo hata ukaingia katika lile la 3.5 la mwaka 2025. Muda wote huo matini yake ilikuwa wazi mbele ya kila aliyetaka kuisoma.

Makala haya yanakusudia kuihakiki matini hiyo fupi pamoja na badiliko lililofanywa juu yake. Swali kuu ni hili: yawezekanaje kosa la alama moja, katika maktaba inayotegemewa na mashine za dunia nzima kwa kutunza siri, likae zaidi ya miaka kumi? Jibu litakalotetewa ni kwamba mstari huo haukukosa watazamaji. Aliyekosekana ni msomaji wa kuuweka kando ya ahadi uliyokusudiwa kuitimiza, akapima kama maneno na ahadi vinapatana.

Huenda ikaulizwa jambo hili linahusu nini watu wa lugha. Yatosha kukumbuka kwamba programu huandikwa na binadamu na kusomwa na binadamu kabla ya kukabidhiwa mashine. Ina msamiati wake, sarufi yake na mazoea yake ya uandishi. Tena, neno uhakiki limetokana na hakika. Kuhakiki, kwa asili ya neno, ni kutafuta hakika ya jambo: kuuliza kama lililoandikwa ndilo, na kama nakala haikupotoka. Katika masomo ya fasihi maana hiyo imefunikwa na mazoea ya kueleza fani na maudhui, kusifu na kulaumu. Wale wanaosoma mabadiliko ya programu kabla hayajakubaliwa wanalazimika kuirudia maana ya kwanza, maana kwao kusoma vibaya kuna gharama inayohesabika.

Juu ya Istilahi

Ufunguo katika elimu hii ni nambari ndefu ya siri. Kwa ufunguo huo maneno husimbwa yasieleweke na mtu wa nje, na kwa huo huo, au kwa mwenzake, husimbuliwa yakarudi kuwa maneno. Lakini ufunguo nao hauna budi kuhifadhiwa au kupelekwa kwa mtu mwingine, na ukipelekwa wazi siri yote imekwisha. Kwa hivyo ufunguo husimbwa kwa ufunguo mwingine. Kazi hii yahitaji jina.

"Kufunga ufunguo" husikika kama kitendawili, madhali jina ufunguo lenyewe limetokana na kufungua. "Kufunika" hakutoshi: chungu kilichofunikwa hufunuliwa na yeyote apitaye, wala kifuniko hakisemi kama kilichomo kimeguswa. "Kufungasha" kunafaa zaidi. Mwenye kufungasha hukusanya vitu vya safari, akavipanga na kuvitia katika furushi, naye hutaraji kuvikuta kamili aendako. Mawazo mawili yaliyo muhimu, yaani safari na ukamilifu, yamo ndani ya kitenzi hicho. Ufunguo unaofanya kazi hiyo utaitwa hapa ufunguo wa kufungashia, na kazi ya upande wa pili itaitwa kufungua furushi.

Istilahi hii inasaidia kuona jambo ambalo jina la kigeni hulificha. Kufungua furushi si kinyume cha kulifunga tu. Anayefunga anajua alichokitia; anayefungua hajui. Wa kwanza anafanya kazi na mali yake, wa pili anapokea kitu kutoka njiani. Ndiyo maana makosa ya kufungua ni mazito kuliko ya kufunga, na ndiyo maana mhakiki hana budi kuzisoma pande hizi mbili kwa macho mawili tofauti.

Furushi na Ahadi Yake

Furushi linalohusika limewekewa kanuni na hati RFC 3211, iliyoandikwa na Peter Gutmann na kutolewa Desemba 2001. Hati hiyo inahusu ujumbe wa muundo wa CMS unaolindwa kwa neno la siri linalojulikana na mtumaji na mpokeaji. Ujumbe husimbwa kwa ufunguo mmoja, na ufunguo huo hufungashwa kwa mwingine uliotokana na neno la siri.

Mpangilio wa furushi ni huu. Baiti ya kwanza hutaja urefu wa ufunguo uliomo. Baiti tatu zifuatazo ni kinyume cha baiti tatu za mwanzo za ufunguo, biti kwa biti: penye 1 huwekwa 0, na penye 0 huwekwa 1. Kisha hufuata ufunguo wenyewe. Mwisho hutiwa baiti za kubahatisha mpaka furushi lijae vipande kamili, navyo visipungue viwili. Halafu furushi zima husimbwa mara mbili mfululizo. Ikiwa kinachotumika ni AES, ambacho kipande chake ni baiti 16, furushi dogo kabisa litakuwa na baiti 32.

Mpokeaji akisha kusimbua, hulinganisha zile baiti tatu na mwanzo wa ufunguo. Zikipatana kama inavyotakiwa, huchukua kwamba neno la siri ni lile lile. Hapo husoma baiti ya kwanza ili ajue ni baiti ngapi azichukue, akianzia mahali pa tano, yaani baada ya zile 4 za utangulizi.

Hapa ndipo ilipo ahadi. Baiti ya kwanza ni neno la mtumaji. Yeye ndiye asemaye, "Ufunguo wangu una urefu huu." Mpokeaji hana budi kumpima kabla ya kumsadiki, na kipimo chake ni hesabu ya mtoto wa shule: urefu uliotajwa, ukijumlishwa na baiti 4 za utangulizi, usizidi urefu wa furushi zima. Ukizidi, mtumaji anadai kuwa ndani ya kikapu mna vitu vingi kuliko kinavyoweza kuchukua, naye mpokeaji akimfuata atapapasa nje ya kikapu.

Ni vyema kulinganisha hati hii na ile ya RFC 5649 ya mwaka 2009, inayofungasha ufunguo kwa AES pamoja na kujaza nafasi iliyobaki. Hati hiyo ya pili imetaja waziwazi mambo matatu ya kupimwa wakati wa kufungua: alama yake maalumu ya A65959A6 iwepo, urefu uliotajwa uangukie ndani ya kipande cha mwisho, si kabla yake wala baada yake, na nafasi iliyojazwa iwe na sifuri tupu. Mwenye kuandika programu kwa kufuata hati hiyo ana orodha ya kujipimia, na mwenye kuhakiki kazi yake anayo orodha hiyo hiyo mkononi. Ahadi ikiandikwa kwa namna hii, kuivunja bila ya kuonekana huwa vigumu.

Sharti Lililokosewa

Katika matini ya OpenSSL kipimo kilikuwapo. Jambo hili ni la kusisitizwa, maana lingeweza kudhaniwa kuwa mwandishi alisahau. Baada ya kulinganisha baiti tatu, mwandishi aliweka sharti: urefu wa furushi ukiwa mdogo kuliko urefu uliotajwa toa 4, furushi likataliwe. Chini ya sharti aliweka na maelezo mafupi ya kumwambia msomaji kwamba hapo hukataliwa thamani ya urefu isiyofaa. Sarufi ni safi. Mahali pake ni sahihi, maana limetangulia kunakili. Tarakimu 4 ndiyo hasa inayotakiwa. Kilichokosewa ni alama iliyo kabla yake.

Hesabu ya mfano itaonyesha uzito wa kosa. Furushi lina baiti 32. Kwa haki, urefu mkubwa wa ufunguo unaoweza kukaa humo ni 28, kwa kuwa 28 na 4 ni 32. Lakini kwa sharti lililoandikwa, hata 36 inapita, maana 36 toa 4 ni 32, na 32 si ndogo kuliko 32. Mpokeaji sasa atanakili baiti 36 kuanzia mahali pa tano. Atasoma mpaka mahali pa 40, yaani baiti 8 nje ya furushi. Na kwa kuwa nafasi aliyoandaa ya kuuwekea ufunguo ina ukubwa wa furushi, yaani baiti 32, ataandika baiti 4 nje ya nafasi hiyo. Kusoma nje kwaweza kuiangusha programu. Kuandika nje kwaweza kuharibu kumbukumbu ya mashine, na taarifa yenyewe ilikiri kwamba matokeo mabaya kabisa ni mshambulizi kuendesha maagizo yake mwenyewe.

Uadilifu unataka upande wa pili nao usemwe. Taarifa iliuweka udhaifu huu katika daraja la wastani, kwa sababu uwezekano wa mtu kufaulu kuutumia ni mdogo na ujumbe wa CMS unaolindwa kwa neno la siri hutumika kwa nadra sana. Isitoshe, zile baiti tatu za kulinganisha ni kizuizi. Mtu asiyelijua neno la siri, akituma furushi la kubahatisha, atapita mara moja tu katika majaribio kama 16,777,216. Lakini anayelijua neno hilo hahitaji bahati. Yeye hupanga furushi apendavyo. Kulijua neno la siri ni haki ya kusoma ujumbe. Si haki ya kuingia katika kumbukumbu ya mashine ya mwenzake.

Sababu za Kutoonekana

Sababu ya kwanza ni kwamba furushi la mtu mwaminifu halilifichui kosa hili. Ufunguo wa baiti 16 katika furushi la 32 unapita kwa sharti lililokosewa, na unapita kwa sharti lililo sawa. Wa baiti 24 vile vile, na wa baiti 32 katika furushi la 48 pia. Kila jaribio la kufungasha na kufungua ufunguo halali lilirudisha jibu jema. Katika furushi la baiti 32, nambari zinazopita kwa makosa ni 29 hadi 36, yaani nane tu kati ya 256 ziwezazo kuandikwa katika baiti moja. Ni nambari ambazo hakuna mtu mwema atakayezituma. Majaribio yaliyotungwa kwa kumfikiria mtumaji mwema peke yake yangeweza kuendeshwa miaka mia bila ya kuzigusa.

Sababu ya pili ni sura ya kinga. Palipo na ufa, jicho husimama. Palipo na mlango uliofungwa, jicho hupita, hata kama komeo limewekwa kinyume. Msomaji aliyefika katika mstari huu aliona sharti, akaona tarakimu 4, akaona maelezo yasemayo kwamba urefu usiofaa unakataliwa, akaridhika. Maelezo yalisema kweli kuhusu nia ya mwandishi. Hayakusema kweli kuhusu kazi ya mstari. Katika fasihi kosa la kuusoma utangulizi wa mwandishi na kuuchukua kuwa ndiyo kazi yake ni la zamani, na mhakiki wa programu naye hukabiliwa nalo kila siku.

Inafaa kukumbuka udhaifu wa Heartbleed uliotangazwa katika maktaba hii hii Aprili 2014. Huko nako mgeni alitaja urefu wa ujumbe wake, mwenyeji akamrudishia baiti kwa kadiri ya alivyodai wala si kwa kadiri ya alicholeta, na siri zilizokuwa jirani katika kumbukumbu zikatoka nje, hadi karibu baiti 65,535 kwa ombi moja. Dhamira ni ile ile: nambari ya mgeni kusadikiwa. Tofauti ni kwamba huko kipimo hakikuwapo, na hapa kilikuwapo kwa sura. Baada ya mwaka 2014 fedha na watu waliongezwa katika kuitunza maktaba hii, na matini yake ikapitiwa mara nyingi. Mstari wa kutoa 4 ulibaki.

Waswahili husema penye wengi hapaharibiki neno. Waandishi wa programu huria nao, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wamekuwa na imani ya namna hiyo: macho yakiwa mengi, kosa halijifichi. Methali hiyo inakusudia wengi waliokaa barazani, kila mmoja akilisikia neno na kulipima. Haikukusudia wengi wapitao njiani, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekaa kusikiliza. Matini iliyo wazi kwa wote yaweza kuwa matini isiyosomwa na yeyote, na sehemu itumikayo kwa nadra ndiyo iliyo katika hatari hiyo zaidi.

Makosa ya Wanakili

Wahariri wa miswada ya kale wanayajua makosa ya wanakili kwa aina zake: kuruka, kurudia na kubadili. Aina zote tatu zimo katika historia fupi ya programu za kulinda siri.

Kosa la kuruka lilitokea katika nakala ya OpenSSL iliyotayarishwa kwa ajili ya mfumo wa Debian. Mwaka 2006 ilitolewa mistari iliyoonekana kusumbua chombo cha kukagulia kumbukumbu. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikitia kiini cha kubahatisha katika utungaji wa funguo. Hadi kosa lilipotangazwa Mei 2008, funguo zilizotungwa zilitegemea kitu kimoja tu kinachobadilika, nambari ya kazi inayoendeshwa na mashine, ambayo haikuzidi 32,768. Kosa la kurudia lilijulikana Februari 2014 katika programu za Apple. Agizo la kuruka hadi mwisho liliandikwa mara mbili mfululizo. La pili likawa nje ya sharti, nalo likatekelezwa kila mara, ukaguzi wa saini ukarukwa. Kosa la kubadili ndilo hili la kutoa na kujumlisha.

Ulinganisho huu una faida kwa mwanafunzi wa lugha. Katika miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, herufi moja ya ba yaweza kusimama mahali pa b, pa p, au pa mb. Herufi haimtoshi msomaji. Hana budi kuijua lugha, mizani na maana ya ubeti mzima ndipo aamue. Mhariri anayenakili umbo la herufi bila ya kuuliza maana atatoa nakala safi yenye upuuzi. Alama ya kutoa katika mstari huu nayo, kwa umbo lake, haina kasoro. Hakuna mashine ya kusahihisha sarufi ambayo ingeikataa. Anayeweza kuikataa ni yule ajuaye kwamba zile baiti 4 zimo ndani ya furushi pamoja na ufunguo, na kwa hivyo hujumlishwa nao.

Hata hisabati ya juu haiwezi kuchukua nafasi ya usomaji huo. Mwaka 2006 Phillip Rogaway na Thomas Shrimpton waliliweka tatizo la kufungasha ufunguo katika misingi ya uthibitisho, na kazi yao ni ya kuheshimiwa. Lakini uthibitisho wa namna hiyo unahusu kanuni ya kufungasha. Kanuni ikithibitishwa kuwa njema, bado mtu ataketi na kuiandika mstari kwa mstari, naye aweza kuandika kutoa akikusudia kujumlisha.

Kulihakiki Badiliko Lenyewe

Mabadiliko ya programu huonyeshwa kwa utaratibu maalumu. Mstari ulioondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, na uliotiwa mahali pake hutanguliwa na alama ya kujumlisha. Hapa, kwa sadfa, alama hizo za pembeni ndizo zile zile zinazogombaniwa ndani ya mstari. Msomaji mwenye haraka ataona kutoa kumekuwa kujumlisha, atasema kosa limeondoka, na ataidhinisha.

Kwa hakika kosa limeondoka. Sharti jipya linasema kwamba furushi likataliwe ikiwa ni dogo kuliko 4 kujumlisha urefu uliotajwa. Furushi la baiti 32 sasa hukubali hadi 28 wala halikubali 29. Mpaka wa juu umesimama mahali pake, na hukumu juu ya badiliko hili haina budi kuwa ya kulikubali.

Lakini kazi ya mhakiki haijaisha. Badiliko halitoi kosa peke yake. Laweza kutoa na kitu kingine kilichokuwa kikifanya kazi bila ya kutajwa. Je, sharti la zamani lilifanyaje mtumaji alipotaja urefu wa 0, 1, 2 au 3? Ukitoa 4 katika 3 hupatikana nambari iliyo chini ya sifuri. Lakini urefu katika matini hii huhesabiwa kwa aina ya nambari isiyojua kilicho chini ya sifuri, na katika kugeuzwa kwake nambari hiyo hugeuka kuwa kubwa mno. Furushi lolote ni dogo kuliko nambari kama hiyo, kwa hivyo lilikataliwa. Sharti lililokosewa, bila ya kukusudia, lilikuwa likiwafukuza wageni wanne wa ajabu: ufunguo mtupu, na funguo za baiti moja, mbili na tatu. Sharti lililo sawa linawapitisha, maana 4 na 0 ni 4, na 4 haizidi 32.

Urefu huo mdogo hauvuki mpaka wa kumbukumbu, kwa hivyo hatari yake si ya aina ile iliyosahihishwa. Hata hivyo ni jambo la kuulizwa. Ufunguo wa baiti mbili hauna baiti tatu za mwanzo. Zile za kulinganisha zitakuwa zimelinganishwa na baiti za kujazia, si na ufunguo peke yake. Mhakiki mwangalifu, kabla ya kuidhinisha, angefuata matini mpaka mbele na kuthibitisha ni nani anayebeba sasa kazi ya kukataa ufunguo usiofaa kwa urefu wake. Angetaka pia jaribio liandikwe kwa kila upande wa kila mpaka: 28 na 29 upande wa juu, 0 na 3 upande wa chini. Kwa furushi la baiti 32, masharti haya mawili yanatofautiana katika nambari kumi na mbili tu: nane za juu na nne za chini. Anayezijua hizo amelielewa badiliko. Anayejua tu kwamba alama imebadilika amelitazama.

Katika mfano huu hoja ya makala haya inaonekana kwa ukamilifu wake. Mabadiliko hayahakikiwi kwa kutazama kilichobadilika. Yataka kwanza kuisoma hati iliyoweka kanuni, ndipo mstari wa zamani usomwe kwa kuhesabu, kisha mpya kwa hesabu hiyo hiyo, na tofauti ya majibu yao iandikwe mahali penye kuonekana. Ni kazi ya kuchosha, na katika mstari mmoja yaweza kuchukua nusu siku. Lakini mstari huu ulichukua zaidi ya miaka kumi kwa wale waliosoma kwa dakika moja.

Hitimisho

Lipo jambo la mwisho, nalo linahusu nani hufikiwa na masahihisho. Matoleo ya 3.0 na baada yake yaliyokuwa bado yakitunzwa yalisahihishwa bure. Matoleo ya 1.0.2 na 1.1.1 nayo yalikuwa na kosa hili, lakini muda wake wa kutunzwa bure ulikuwa umekwisha, lile la 1.1.1 tangu Septemba 2023. Masahihisho yake waliyapata kwa wasimamizi wa maktaba hiyo wateja wanaolipia huduma ya ziada. Ofisi au chuo chenye mashine za zamani, na kisicho na fedha ya huduma hiyo, kimeachwa kitegemee wasambazaji wa mifumo yake au kijitegemee chenyewe.

Na bado matini ya matoleo hayo ya zamani imo mikononi mwa yeyote. Badiliko lenyewe limetangazwa. Kinachohitajika ni mtu awezaye kuufikia mstari, kuuelewa, kubadili alama moja na kuthibitisha kwamba alichokifanya ndicho. Uwezo huo hauuzwi pamoja na mashine. Hupatikana kwa kufundishwa kusoma. Wanafunzi wa kompyuta katika vyuo vya Afrika Mashariki hufundishwa zaidi kuandika programu kuliko kuzisoma, na hufundishwa kwa lugha ambayo si ile wanayohesabia na kubishania. Zoezi la kueleza kwa Kiswahili sanifu kile ambacho mstari mmoja unaahidi, na kile unachokifanya kweli, lingewafaa wao na lingeifaa lugha, kwa kuwa istilahi hukomaa kwa kufanyiwa kazi. Zoezi kama hilo halitakamilika bila ya mwalimu wa lugha na mwalimu wa kompyuta kuketi meza moja, mbele ya mstari mmoja, na hati ya kanuni yake ikiwa imefunuliwa kando.